Lugha ya Soko na Mfuko wa Mkulima

Kila msimu wa korosho unapofika, mzaha mmoja uliokwisha kuchakaa huanza tena kusikika mijini: kwamba mkulima wa Kusini hajui kutumia fedha. Husemwa kwamba akilipwa leo hununua pikipiki, na mwezi wa tatu huiuza kwa nusu ya bei. Kwamba nyumba yake ina redio tatu na haina chumvi. Mzaha huu huchekwa na abiria wa daladala, na hilo si ajabu. Lililo baya ni kwamba huchekwa pia na wasomi, tena ndani ya kumbi ambamo kazi ya mtu ni kupima neno kabla ya kulikubali. Makala haya yamekusudiwa kuupinga. Mkulima wa Masasi na Newala si mjinga wa matumizi. Ni mtu anayewindwa. Tena chombo anachowindwa nacho ni Kiswahili, lugha ile ile tunayolipwa mshahara kuifundisha.

Tuanze na mahali penyewe. Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, hapo panapoitwa Shimo la Mungu, ambapo ardhi hushuka kwa ghafla kulielekea bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, upande wa magharibi, katikati ya vilima vya mawe. Juu ya uwanda mvua hunyonywa na mchanga wala mito haipiti. Kwa vizazi vingi wanawake walishuka magenge kuteka maji na kupanda tena na mitungi kichwani, mpaka mradi wa maji ya bomba wa miaka ya 1950 ulipoanza kuzipunguza safari hizo. Isitoshe, wazee wa leo wa nchi hiyo ndio waliopanga foleni za sabuni na sukari mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 wakausikia msako wa wahujumu uchumi ukitangazwa redioni. Je, watu waliozoea kuipima ndoo ya maji kwa jasho lao, na mche wa sabuni kwa urefu wa foleni, wanahitaji kufundishwa na mtu wa mjini maana ya akiba?

Huenda msomaji akauliza: basi pikipiki ile iliuzwa kwa nini? Jawabu la kwanza ni la hesabu. Fedha ya korosho huja mara moja kwa mwaka, minada inapofunguliwa mwezi wa Oktoba na katika miezi michache inayofuata. Katika miezi hiyo hiyo hudaiwa ada za shule, mabati, gharama za jando na unyago, malipo ya vibarua wa palizi, na madeni ya mwaka uliopita. Mtumishi wa mjini hukosea mara kumi na mbili kwa mwaka, kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi, wala hakuna amchekaye, kwa kuwa makosa yake yametawanyika. Mkulima makosa yake yote huonekana katika msimu mmoja, mchana kweupe, mbele ya jirani zake. Tofauti iliyopo baina yao ni ya kalenda, akili haimo.

Jawabu la pili ni zito zaidi, nalo ndilo linalotuhusu sisi watu wa lugha. Soko limeijua kalenda ya mkulima kuliko mwalimu wake anavyoijua. Siku hizi mkulima hulipwa kwa njia ya benki au ya simu. Kwa hiyo simu inayompasha habari kwamba fedha imeingia ndiyo simu hiyo hiyo inayomwonyesha sofa, simu nyingine iliyo kubwa zaidi, dawa ya nguvu, mafuta ya kung'arisha ngozi na mchezo wa kubahatisha. Zamani mfanyabiashara alikuwa na safari ya kufunga: alipanda gari la Mtwara, akalala njiani, akafika Kitangali au Lulindi na mzigo wake, watu wakamtazama usoni na kumwuliza ametoka wapi. Sasa anafika kabla ya kunawa uso. Anaingia kwa Facebook, kwa Instagram, kwa TikTok, kwa kundi la WhatsApp la ukoo. Na mtu wa kumwuliza ametoka wapi hayupo.

Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilikuwa kinga ya mnunuzi, kwa kuwa kujitembeza kwenyewe kulikuwa dalili ya ubovu. Leo kila kitu kinajitembeza, kizuri na kibaya pamoja, na dalili ile imepotea. Linalosalia la kumsaidia mnunuzi ni kuyachungua maneno. Na tuyachungue basi, kwa utaratibu wa somo letu.

Chukueni kwanza kitenzi kinachotawala matangazo yetu: jipatie. Kitenzi "nunua" ni kitenzi chenye adabu, kwa sababu humkumbusha msikilizaji kwamba yuko muuzaji, iko bidhaa, na iko bei. "Patia" nacho kinamtaka mtoaji na mpewaji. Lakini kiambishi "ji" kikiingia, mpewaji hugeuka kuwa mtoaji wa nafsi yake: anajipa mwenyewe. Muuzaji ametoweka katika sentensi, na bei imeondoka pamoja naye, maana hakuna mtu ajilipishaye kile anachojipatia. Vivyo hivyo "jishindie", vivyo hivyo "jiunge". Na neno "lipa" linapolazimika kutajwa, halikosi kusindikizwa na "kidogo kidogo". Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Tangazo halisemi kibaba hicho ni cha nani.

Chukueni pili maneno ya ujamaa. Muuzaji asiyejulikana humwita mnunuzi dada, ndugu, mpendwa, mama yangu. Katika nchi ya Wamakonde, ambako ukoo hufuata upande wa mama, mjomba alikuwa mtu wa kuulizwa kabla ya jambo kubwa. Jina la mjomba lilibeba heshima, lakini lilibeba pia deni: mjomba aliyekupotosha aliitwa mbele ya wazee akaeleza. Soko limechukua majina ya ujamaa na kuuacha wajibu wake nyuma. Limepata undugu usiolipa mahari, usiozika, usioitwa barazani. Mtu akikuita ndugu ili ununue, kisha akaizima simu yako ikiharibika siku ya tatu, amekosea katika biashara, na juu ya hapo ameiba neno.

Chukueni tatu ujumbe ule wa matapeli unaojulikana nchi nzima: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Watu huucheka kwa sababu umekuwa mashuhuri, lakini mwanafunzi wa sarufi yafaa auheshimu, kama mganga anavyoiheshimu sumu. Nguvu yake yote imo katika kiashiria "ile". Kiashiria hicho huonyesha kilicho mbali, na vilevile hurejelea jambo ambalo msemaji na msikilizaji wamekwisha kulijua. Anayekisoma hajiulizi kama anadaiwa. Hujiuliza ni ipi. Na katika msimu wa korosho ni nani asiye na "ile" yake? Yupo kibarua wa palizi, upo mchango wa harusi, yupo fundi wa mabati, yuko mtoto aliye bweni. Tapeli hajui lolote katika hayo; anajua sarufi tu. Nasi tulioiandikia sarufi hiyo vitabu, tumemwambia nani mkulima kwamba neno moja la silabi mbili linaweza kumtoa fedha mfukoni?

Chukueni nne neno "kung'aa". Katika Kiswahili hung'aa nyota, taa, shaba iliyosuguliwa, na uso wa mtu mwenye afya na furaha. Wauza mikorogo wameliteka neno hilo, na sasa kung'aa ni kuwa mweupe. Kisha huongeza neno "asili", ili binti aamini kwamba kilichomo chupani kimetoka shambani. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Hata hivyo tangazo halitaji zebaki, hutaja kung'aa. Sheria inaikamata chupa, na neno linapita bila kuulizwa.

Chukueni tano maneno yanayokimbizwa mwishoni mwa tangazo la redio kwa mwendo usiofuatika: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Yazingatiwe na nani? Vigezo vipi? Kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa, tena hakina nafsi wala wakati. Sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Lakini siku ya kudaiwa, mtu huonekana mara moja, naye huwa ni mnunuzi.

Sasa tuje kwenye bei, maana hapo ndipo dhulma ilipo wazi kuliko kwingine. Desturi imeenea ya muuzaji kutandaza picha ya bidhaa yake, na anapoulizwa bei mbele ya watu hujibu: njoo inboksi. Bei imegeuzwa kuwa siri ya watu wawili. Maana yake ni kwamba mnunuzi hukadiriwa kwanza, kwa picha yake, kwa mahali anapoishi, kwa namna anavyoandika. Kisha hutajiwa bei ya uso wake. Lakini mkulima wa Newala anajua maana ya bei ya hadharani kuliko watu wengi wa nchi hii! Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho katika msimu wa 2007/2008, amezoea mnada ambao bei za wanunuzi husomwa mbele ya wakulima, nao huzikubali au huzikataa. Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei zilizosomwa, na mzozo huo ukafika Ikulu; mwezi uliofuata Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali ingezinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzisomba. Naam, malipo yaliwachelewea wengi, na mambo ya mwaka ule yana mjadala wake. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada huo umefanyika kwa mtandao kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, na bei bado ni jambo la watu wote kulisikia. Basi tazameni ajabu hii: mtu huyu anapouza, bei husomwa hadharani, anapotaka kununua, huambiwa bei ni faragha. Mtandao ni ule ule. Kinachotofautiana ni nani anayenufaika na giza.

Lakini dhulma haiishii katika bei. Wakulima wa Kusini wanaijua kangomba. Katika miezi ya njaa, kabla ya mavuno, mtu mwenye fedha hupita vijijini, humpa mkulima fedha kidogo au unga, naye mkulima huahidi korosho zilizo bado mtini, zitakazopimwa kwa kipimo kisicho halali. Msimu ukifika, jasho la mwaka mzima limekwisha kuuzwa kwa thamani ya debe la unga. Serikali imeipiga vita kangomba, na wakati wa ununuzi wa 2018 wenye kuifanya waliandamwa waziwazi. Sasa nauliza: mkopo wa simu unaotolewa kwa kubonyeza mara tatu, kwa riba asiyoifahamu mkopaji, katika mwezi wa Februari au wa Juni wakati ghala ni tupu, una tofauti gani na kangomba? Tofauti ni kwamba mwenye kangomba alionekana. Watu wenyewe, ambao lugha yao ni hodari kuliko istilahi zetu, wamekwisha kuuita mkopo wa aina hii kwa jina lake: kausha damu. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa mtandao bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hii huchukua majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, na deni likichelewa huwaandikia mkwe wake, mwalimu wa mtoto wake na mchungaji au imamu wake. Kukopa harusi, kulipa matanga: methali hii ilitungwa kabla ya simu, lakini matanga ya leo husomwa na watu mia mbili kwa siku moja.

Najua yatakayosemwa kunijibu, nami nitayajibu kwa haki. Wa kwanza atasema kwamba mitandao hii imewainua wanyonge: mama wa Masasi anayebangua korosho nyumbani huziuza Dar es Salaam bila kumtegemea mchuuzi, na fundi wa Newala hupata wateja kwa picha ya kitanda alichokitengeneza. Ni kweli, wala sikusudii kuwafungia mlango. Bali nawatetea, kwa sababu mama huyo ndiye wa kwanza kuumizwa na uongo wa wengine. Mnunuzi aliyekwisha kutapeliwa mara mbili hamwamini tena mtu yeyote, na mwuzaji mwaminifu hulipa deni la mwuzaji mwongo. Soko lenye bei ya wazi na maneno yenye mtu ndani yake humfaa mama huyu kuliko soko la sasa.

Wa pili atasema: mkulima ni mtu mzima, aachwe achague. Nami nasema, achague. Lakini kuchagua kunahitaji vitu viwili, kujua bei na kujua masharti. Na vyote viwili ndivyo vinavyofichwa. Anayemnyima mtu taa, kisha akamlaumu kwa kujikwaa, amemdhihaki, na uhuru anaomsifia nao haupo. Tena mnunuzi wa nchi hii akipewa nafasi ya kusema kwa pamoja, husikika. Mwezi wa Aprili 2021 watu walipopiga kelele juu ya bei mpya za vifurushi vya intaneti, Serikali iliagiza bei za awali zirejeshwe. Ubaya wa soko la inboksi ni kwamba humtenga kila mnunuzi peke yake na siri yake, hata asijue kwamba jirani yake ameumizwa na mkono ule ule.

Wa tatu atasema sheria zipo. Zipo. Ipo Sheria ya Ushindani ya 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mabadiliko ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tukashangilia. Lakini sheria humfika mtu baada ya kuumia, tena kama anajua mahali pa kwenda. Kinga inayomfika kabla ya kuumia ni ufahamu wa lugha. Kazi hiyo haina wizara nyingine ya kuifanya isipokuwa sisi.

Tumefanya nini? Shule zetu za sekondari hufundisha rejesta, na mfano unaopendwa ni mchuuzi wa sokoni anayeita wateja kwa sauti. Ni mfano mzuri, wa soko la zamani. Mwanafunzi wa Masasi huujibu vema katika mtihani, hupata alama zake, kisha jioni hufungua simu na kusoma matangazo ambayo hakuna mwalimu aliyemfundisha kuyachambua. Katika vyuo vikuu tunaandika tasnifu juu ya vibandiko vya daladala na majina ya mabasi, na hizo ni kazi halali. Lakini tasnifu zinazochambua lugha ya mkopo, lugha ya masharti na lugha ya utapeli, kisha zikarudishwa kwa watu kwa maneno wanayoyaelewa, bado hazitoshi. Wahitimu wetu wengine, na hili si siri, ndio wanaoajiriwa kuyatunga matangazo hayo. Tumewafundisha namna ya kushawishi bila ya kuwafundisha kwamba msikilizaji ana haki.

Masasi si mahali pageni kwa Kiswahili cha kuandikwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alianzisha hapo kituo cha misheni pamoja na watu waliokombolewa utumwani, naye ndiye aliyekuwa ametoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870. Mtu aweza kuwa na maoni yoyote juu ya misheni na siasa zake. Lakini neno lililoandikwa lilifika Masasi likiwa na mwalimu nyuma yake, mtu aliyeweza kuulizwa swali. Leo maneno yaliyoandikwa yanafika kwa wingi usio na kifani, na wa kuulizwa hayupo.

Kwa hiyo nadai mambo matatu. La kwanza, somo la Kiswahili katika sekondari liyaingize matangazo ya simu, mikataba ya mikopo na ujumbe wa matapeli kuwa matini ya kuchambuliwa darasani, sawasawa na shairi na tamthilia, na mtihani uyaulize. La pili, vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo huwakutanisha wakulima kabla ya msimu, vipewe na vyuo vikuu maelezo mafupi ya Kiswahili sanifu na chepesi juu ya riba, masharti na maneno ya hila, yasomwe kwa sauti mkutanoni kama bei za mnada zinavyosomwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la leo ni pamoja na kulielewa neno "jipatie". La tatu, sisi tunaofundisha tuikatae kazi ya kutunga maneno yasiyo na mtu ndani yake, tukawaombe wenye mamlaka waagize kwamba bei itajwe hadharani popote bidhaa inapotandazwa hadharani, na kwamba masharti yasomwe kwa mwendo ule ule unaosomwa nao sifa za bidhaa.

Haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji wasomi waache kumcheka mkulima aliyeuza pikipiki yake, wamwulize ilimfikia kwa maneno gani, ya nani, na kwa bei ipi aliyotajiwa peke yake gizani. Akiwajibu, wayaandike aliyosema, wayachambue, na kabla ya Oktoba ijayo wayapeleke Newala yakasomwe mbele ya watu.